Mtoto hana tangi la akiba

Mwezi Oktoba, Masasi huwa na mambo mawili kwa pamoja: jua kali na korosho. Mvua zilikatika tangu Mei, nyingine bado hazijafika, na alfajiri wakubwa wa nyumba huelekea shambani kuokota kabla jua halijapanda. Nyumbani hubaki bibi na mjukuu anayetambaa, na mchana huongezeka dada wa mtoto aliyetoka shule.

Huu ndio msimu ambao mtoto akianza kuharisha saa tatu asubuhi, mama anaweza kupata habari saa tisa alasiri. Kwa mtu mzima, saa sita za kuharisha ni usumbufu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, saa hizo hizo zinaweza kumfikisha mahali ambapo hata kunyonya hawezi tena.

Tofauti hiyo haitokani na udhaifu wa mtoto wala uzembe wa bibi. Inatokana na jinsi mwili unavyoingiza maji, unavyoyatumia na unavyoyabana. Mzazi akiuelewa utaratibu huo, ataona kwa nini wahudumu wa afya husisitiza mambo matatu kila siku: maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, ORS mapema mtoto anapoharisha, na kutosubiri hadi jioni.

Nchi inayojua akiba

Watu wa Newala na Masasi hawana haja ya kufundishwa thamani ya akiba ya maji. Newala imekaa juu, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, mahali ambapo mtu akisimama Shimo la Mungu hulitazama bonde la Ruvuma hadi upande wa Msumbiji. Udongo wa uwanda huo ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji huzama chini sana, na juu hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Chemchemi zipo chini, kwenye miteremko na mabondeni.

Kwa vizazi vingi wanawake walishuka na kupanda miteremko hiyo wakiwa na mitungi kichwani. Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906 akichunguza mila za wenyeji, aliandika masimulizi ya asili ya Wamakonde. Katika masimulizi hayo, watu wa kwanza walikaa karibu na maji na mtoto wao akafa. Walihamia mahali pengine, wa pili naye akafa. Walipofika juu uwandani, mbali na maji, mtoto wa tatu akaishi. Wazee waliobeba hadithi hiyo walijua kwamba maji ni uhai, na kwamba mabondeni kuna mbu na maradhi pia.

Leo yapo mabomba. Mradi wa Makonde, ulioanzia miaka ya 1950, husukuma maji kutoka chini kwenda juu uwandani. Masasi, iliyoko magharibi kati ya vilima vya mawe, hupata maji ya chanzo cha Mbwinji kupitia MANAWASA. Hata hivyo, nyumba nyingi za uwandani bado zina tangi la saruji linalopokea maji ya mvua kutoka kwenye bati, na mwenye tangi huanza kuhesabu ndoo mvua zinapokatika.

Mimea ya huko nayo imejipanga. Mkorosho hutoa maua na kuzaa wakati wa kiangazi kwa sababu mizizi yake hushuka chini na kutambaa mbali, ikifuata unyevu uliobaki ardhini. Jua likizidi, matundu madogo ya kwenye majani hujibana ili maji yasipotee. Mhogo hufanya zaidi ya hapo: ukame ukiuzidi, huangusha sehemu ya majani yake na kusubiri mvua.

Binadamu hana mizizi, wala hawezi kufunga kabisa njia zake za kupoteza maji. Hata mtu aliyelala kivulini hupoteza maji kwa pumzi, kwa ngozi na kwa mkojo. Na maji aliyokunywa Jumatatu hayawezi kumsaidia Alhamisi.

Hesabu ya chupa moja

Sehemu kubwa ya mwili ni maji. Kwa mtoto aliyezaliwa karibuni, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Kwa mwanamume mzima ni takriban asilimia 60, na kwa mwanamke ni pungufu kidogo.

Kwa kusikia hivyo, mtu anaweza kudhani mtoto ana maji mengi kuliko mkubwa. Lakini mtoto huyatumia haraka zaidi. Ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake, anapumua haraka, na mwili wake unakua. Mtoto wa kilo 10 huhitaji takriban lita moja kwa siku, ikijumuisha maji yaliyomo kwenye maziwa na chakula. Mtu mzima wa kilo 60 huhitaji lita mbili hadi mbili na nusu asipokuwa juani. Kwa kila kilo ya mwili, basi, mahitaji ya mtoto ni zaidi ya mara mbili.

Sasa njoo kwenye hatari. Madaktari huhesabu kwamba mtoto aliyepoteza maji yanayofikia asilimia 10 ya uzito wake yuko kwenye hali mbaya sana. Kwa mtoto wa kilo 10, hiyo ni lita moja, yaani chupa moja tu ya maji ya dukani. Dalili za upungufu huanza kuonekana akiwa amepoteza nusu ya chupa hiyo. Baba yake wa kilo 60 angelazimika kupoteza lita sita ili afike hapo.

Mtoto anayeharisha choo cha maji mara kwa mara, huku akitapika, anaweza kuimaliza chupa hiyo kati ya asubuhi na jioni.

Figo na bomba lake

Mwili haukai tu ukisubiri maji yaishe. Maji yakipungua, damu huzidi kuwa na chumvi. Sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo hugundua mabadiliko hayo na kufanya mambo mawili. Kwanza huleta kiu. Pili, hutoa homoni inayoziambia figo zibane maji.

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku, kisha hurudisha karibu zote mwilini. Kinachotoka kama mkojo huwa lita moja hadi mbili. Homoni ile ikiwa nyingi, kuta za mirija ya figo hufunguka vijitundu vingi zaidi vya kupitisha maji kurudi kwenye damu, na mkojo huwa kidogo na wa rangi kali. Vijitundu hivyo viligunduliwa na Mmarekani Peter Agre, aliyeonyesha kazi yake mwaka 1992 na kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Vya aina hiyo vimo hata kwenye mizizi ya mimea. Mkorosho na mtoto hupitisha maji kwa milango ya ukoo mmoja.

Ndiyo maana rangi ya mkojo ni kipimo kizuri cha nyumbani kwa watoto wakubwa na watu wazima. Wa manjano hafifu unaonyesha maji yanatosha. Ukiwa kama chai ya rangi, mtu anywe maji. Kwa mtoto mdogo, angalia kama anakojoa: saa sita bila nepi kulowa si jambo la kupuuza.

Lakini kubana kuna mwisho. Lazima mkojo kidogo utoke ili ubebe taka. Kwa mtoto mchanga bomba hilo bado halijakomaa: figo zake zina takriban nusu tu ya uwezo wa mtu mzima wa kubana mkojo. Akikosa maji, hana ujanja mwingi. Na akipewa maji mengi kuliko anavyohitaji, hawezi kuyatoa haraka.

Mchanga na joto la Novemba

Hapo ndipo penye mazungumzo yanayorudiwa katika nyumba nyingi kila joto linapopanda.

"Mwanangu, joto lote hili, mpe hata kijiko cha maji. Koo limemkauka mtoto."

"Mama, kliniki wamesema maziwa yanamtosha mpaka afike miezi sita."

"Nyinyi wote niliwapa maji, na mpo."

Bibi anasema kwa huruma, na hoja yake inastahili kujibiwa kwa heshima. Jibu ni kwamba mtoto huyo anakunywa maji. Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 87, na yale yanayotangulia kila anaponyonya ni mepesi, ndiyo yanayokata kiu. Joto likiongezeka, mtoto huomba ziwa mara nyingi zaidi, na anyonyeshwe kila anapoomba, mchana na usiku.

Kijiko cha maji kina hasara tatu. Tumbo la mchanga ni dogo, hivyo maji huchukua nafasi ya maziwa na mtoto hukosa chakula. Maji yanaweza kuwa na vimelea, hasa yaliyokaa muda mrefu kwenye tangi au dumu. Na yakizidi, hupunguza chumvi kwenye damu yake hadi ubongo uathirike, na mtoto anaweza kupata degedege. Hatari hiyo huwahusu pia wanaochanganya maziwa ya kopo na maji mengi kuliko kipimo ili kopo lidumu.

Anayepaswa kuongezewa maji kwenye joto ni mama mwenyewe. Akikaa kunyonyesha, awe na kikombe cha maji pembeni. Bibi anayetaka kumsaidia mjukuu amletee mama yake kikombe hicho.

Kwa nini maji matupu hayatoshi

Mtoto akiharisha, wazazi wengi humpa maji, na wanafanya vyema kuwaza maji. Lakini utumbo unaoharisha ni kama ndoo iliyotoboka. Kwa mtu mzima mwenye afya, utumbo hupokea lita nane hadi tisa za majimaji kwa siku: lita mbili hivi za kunywa na kula, zilizobaki ni mate, nyongo na majimaji mengine ya mwili wenyewe. Karibu zote hunyonywa na kurudi mwilini. Vimelea vya kuharisha huvuruga urejeshaji huo, na maji hutoka pamoja na chumvi.

Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza jambo lililobadilisha tiba. Kwenye ukuta wa utumbo upo mlango unaopokea chumvi na sukari kwa pamoja. Viwili hivyo vinapoingia, maji huvifuata. Katika magonjwa mengi ya kuharisha, kipindupindu kikiwamo, mlango huo huendelea kufanya kazi hata njia nyingine zikiwa zimevurugika. Chumvi peke yake haifanikiwi vizuri, na maji matupu hupita tu.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kililipuka kwenye kambi za wakimbizi nchini India. Dripu zilipungua. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji, akawapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo, ambavyo vilikuwa vikifikia takriban 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya wanne. Wengi wa wanyweshaji hao hawakuwa wauguzi. Walikuwa mama, baba na dada waliokaa na kikombe pembeni ya mgonjwa.

Hiyo ndiyo ORS inayopatikana leo zahanati na kwenye duka la dawa muhimu.

Namna ya kuitumia

Soma pakiti kwanza. Nyingi huchanganywa kwenye lita moja ya maji, lakini zipo za kipimo kidogo. Tumia maji safi, yaliyochemshwa na kupoa. Kwa pakiti ya lita moja, pima kwa chupa ya lita moja au chupa mbili za nusu lita. Chupa ya lita moja na nusu itaharibu kipimo. Mimina pakiti yote, usigawe nusu kwa kubana matumizi. Maji yakiwa machache, mchanganyiko unakuwa na chumvi kali na unaweza kumdhuru mtoto. Yakiwa mengi, nguvu yake inapungua. Usiongeze sukari, maziwa wala soda. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe, uchanganywe mwingine.

Kila baada ya choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe kidogo cha mililita 200. Mwenye miaka miwili au zaidi apewe mililita 100 hadi 200. Apewe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. ORS haikatishi kuharisha papo hapo, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuiacha. Kazi yake ni kurudisha kinachopotea.

Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Anayekula apewe chakula chake, pamoja na uji mwepesi na supu. Soda na juisi zenye sukari nyingi ziepukwe, kwa kuwa sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuja kwenye utumbo, na kuharisha huongezeka.

Zahanati mtoto atapewa pia vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku kwa mwenye miezi sita na zaidi, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14. Dozi imalizwe hata kama choo kimeshakaza. Zinki hupunguza muda wa kuharisha na humkinga mtoto asiugue tena mapema. Antibayotiki hazinunuliwi kwa kubahatisha. Kuharisha kwingi kwa watoto husababishwa na virusi, ambavyo dawa hizo haziviui.

Dalili za kutosubiri

Mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja akiwa na mojawapo ya haya: amelegea au haamki vizuri, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, macho yamezama, analia bila machozi, hakojoi, choo kina damu, ana homa kali au degedege. Ukiikunja ngozi ya tumbo kwa vidole na kuiachia, inapaswa kurudi papo hapo. Ikirudi polepole, maji yamepungua.

Kwa mchanga, utosi uliobonyea ni dalili ya upungufu wa maji. Si ugonjwa wa utosini, na dawa ya kupaka haitaurudisha. Kinachoujaza ni maji yanayoingia mwilini. Mtoto wa chini ya miezi miwili anayeharisha choo cha maji tofauti na kawaida yake apelekwe bila kusubiri dalili nyingine.

Njiani, kama anaweza kumeza, aendelee kupewa ORS. Bodaboda inaweza kuchukua saa nzima kufika, na saa nzima ni vikombe kadhaa.

Wakubwa nao

Mzazi anayeokota korosho juani anaweza kutoka jasho hadi lita moja kwa saa kazi ikiwa ngumu. Dumu la maji liende shambani kama linavyokwenda gunia, na kunywa kusisubiri kiu kali. Mabibo, maembe na mapapai husaidia, kwa sababu sehemu kubwa ya matunda hayo ni maji.

Uraka ni habari nyingine. Umetokana na bibo lile lile, lakini pombe huizuia homoni inayobana maji, na figo huachia mkojo mwingi. Anayekata kiu ya shambani kwa uraka huamka na kiu zaidi. Na mlezi aliyeunywa mchana hawezi kuhesabu choo cha mtoto wala vijiko vya ORS.

Kabla ya kutoka nyumbani

Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Ya mtoto huzoleka, ila kwa saa chache, na mara nyingi wakati huo mzazi hayupo.

Kwa hiyo, kabla ya msimu kushika kasi, nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano iwe na pakiti mbili au tatu za ORS, zikiwa mahali pakavu na panapojulikana. Pawepo na chupa moja ya lita moja ambayo haifanyi kazi nyingine. Bibi na dada wachanganye mara moja mbele ya mama, kwa mikono yao, mtoto akiwa mzima, ili siku ya haja wasianze kusoma maandishi madogo ya pakiti.

Kisha wakubaliane amri moja ya nyumba: choo cha tatu cha maji, simu ipigwe shambani. ORS inaanza choo cha kwanza.